Nani Abebe Maktaba? Historia ya Ufungashaji wa Maktaba katika Programu za Linux

Katika mwaka wa pili wa masomo yetu tulipewa kazi ya kunukuu masimulizi ya wazee tuliyoyarekodi kwa simu. Mwenzetu mmoja alituletea kwenye flashi programu ya kusikilizia na kunukuu sauti, ambayo kaka yake alikuwa ameikompaili kwenye kompyuta ya nyumbani. Nyumbani ilifanya kazi bila taabu. Kwenye chumba cha kompyuta cha chuo ilikataa kufunguka. Skrini ilitupa mstari mmoja tu, kwamba GLIBC_2.34 haikupatikana. Kompyuta za chuo zilikuwa na Ubuntu ya mwaka 2020, na ile ya nyumbani ilikuwa na Ubuntu ya mwaka 2022. Zilikuwa zimebaki siku tatu tukusanye kazi, na sauti za wazee zilikuwa bado kwenye simu.

Baadaye mhadhiri wetu alipotutaka tuandike historia ya jambo dogo linalotusumbua, wenzangu waliandika juu ya tahajia na matangazo ya redio. Mimi nilichagua mstari ule wa kosa. Niligundua kwamba nyuma yake kuna ugomvi wa zaidi ya miaka 25, ambao kwa juu unaonekana kuwa wa mafundi peke yao. Hoja ya insha hii ni kwamba ugomvi huo, kila ulipozuka, ulikuwa juu ya swali moja: kasoro ikipatikana ndani ya maktaba, ni nani mwenye wajibu wa kuirekebisha, na ni nani atakayebaki akingoja.

Kwanza neno lenyewe. Maktaba ninayoizungumzia hapa haina vitabu. Ni faili lenye fanksheni zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingi huziazima badala ya kila moja kuandika zake: kubana mafaili, kufungua picha, kuchora herufi kwenye skrini. Mfano maarufu ni zlib, iliyotolewa mwaka 1995 na Jean-loup Gailly na Mark Adler, ambayo kazi yake ni kubana na kufumua data. Mtu anayeandika programu yenye kuhitaji zlib ana njia mbili. Anaweza kuiazima zlib iliyomo tayari kwenye mfumo wa mtumiaji, au anaweza kuifungasha ndani ya programu yake, kama msafiri anayebeba sufuria yake, mkaa wake na unga wake kwa sababu hajui atakuta nini huko aendako. Njia ya kwanza hupunguza mzigo. Ya pili huondoa wasiwasi wa safari, lakini sufuria ikitoboka, ni juu yako mwenyewe.

Kwa nini msafiri wa Linux awe na wasiwasi kuliko wa mifumo mingine? Sababu ni kwamba kitu alichokitoa Linus Torvalds huko Ufini mwaka 1991 kilikuwa kiini tu cha mfumo. Kila kitu kingine kilikusanywa na watu wengine katika mafungu tunayoyaita distro. Slackware na Debian zilianza mwaka 1993, Red Hat ikafuata mwaka 1994, na kila moja ilichagua yenyewe matoleo ya maktaba itakayoyatumia. Katika miaka ile ya mwanzo hata kuunda maktaba ya kutumiwa kwa pamoja ilikuwa shughuli, kwa kuwa mtindo wa mafaili wa wakati huo, a.out, uliitaka kila maktaba ipewe anwani yake maalumu katika kumbukumbu, mithili ya viwanja vinavyogawiwa na mpimaji ili jirani asijenge juu ya jirani. Mtindo wa ELF, ulioingia katikati ya miaka ya 1990, uliondoa usumbufu huo. Kisha likaja badiliko kubwa zaidi. Waandishi wa Linux walikuwa wakitumia tawi lao wenyewe la maktaba ya C, maktaba iliyo mama wa zote, kwa jina la libc.so.5. Waliamua kuliacha na kurudi kwenye glibc ya mradi wa GNU, iliyopewa jina la libc.so.6. Red Hat 5.0 ilihamia huko Desemba 1997, na Debian 2.0 ikahamia Julai 1998.

Hapo ndipo kambi mbili zilipoanza kuonekana. Kwa wenye distro, kuhama kulikuwa kazi nyingi lakini kazi inayowezekana: msimbo wa kila programu walikuwa nao, wakaukompaili wote upya. Aliyeumia ni yule aliyekuwa na programu iliyokwisha kukompailiwa bila msimbo wake, ama kwa sababu aliinunua, ama kwa sababu aliyeiandika alikuwa anaiuza na hakutaka kuutoa. Huyo hakuwa na la kufanya ila kutafuta maktaba za zamani na kuzibeba.

Waandishi wa glibc waliliona tatizo hilo, na katika toleo la 2.1 la mwaka 1999 walianza kuzipa fanksheni zao lebo za matoleo. Fanksheni ikibadilishwa tabia, ile ya zamani haifutwi, bali hubaki na lebo yake ya kale, na mpya hupewa lebo mpya. Programu ya zamani huomba lebo ya kale na kuipata. Huu ni utaratibu mzuri, na umeheshimiwa kwa miaka mingi, lakini ahadi yake ni ya upande mmoja. Programu ya zamani hupokelewa kwenye mfumo mpya, ila programu iliyokompailiwa kwenye mfumo mpya hudai lebo ambazo mfumo wa zamani haujawahi kuzisikia. Hilo ndilo lililotupata chuoni. Ubuntu ya 2020 ina glibc 2.31. Ile ya 2022 ina 2.35, na kuanzia 2.34 hata fanksheni inayoianzisha programu yoyote ilipewa lebo mpya. Programu ya mwenzetu ilidai 2.34 kabla haijasikia sauti ya mzee hata mmoja.

Mwaka 2010 kilitokea kisa kinachoonyesha jinsi lebo hizo zinavyogusa wajibu. Watumiaji wa Fedora 14 walianza kusikia sauti zilizoharibika walipotazama video kwa Flash ya Adobe. Uchunguzi ulionyesha kwamba glibc mpya ilikuwa imebadilisha namna fanksheni ya memcpy inavyonakili data, ili iende haraka kwenye vichakataji fulani. Kanuni ya memcpy inasema wazi kwamba sehemu inakotoka data na sehemu inakokwenda zisiingiliane. Flash ilikuwa ikiivunja kanuni hiyo kwa miaka bila kudhurika, kwa kuwa memcpy ya zamani ilinakili kwa mpangilio uliovumilia kosa hilo. Upande mmoja ulisema, na kwa sheria ulikuwa sahihi, kwamba kosa ni la Adobe. Torvalds mwenyewe aliingia katika mjadala na kupinga: mtumiaji hajali kanuni, anachojua ni kwamba jana sauti ilisikika na leo haisikiki. Mwaka uliofuata glibc 2.14 ilileta suluhu ya wazee wa baraza. Programu za zamani ziliachiwa memcpy yenye tabia ya uvumilivu, na mpya ikapewa lebo ya 2.14. Matokeo yake, programu nyingi zilizokompailiwa baada ya hapo zilianza kudai 2.14 na kukataliwa kwenye mifumo ya zamani. Kwa maoni yangu hakuna kisa kinachoueleza mgogoro huu vizuri kuliko hiki, kwa sababu kila aliyesema alikuwa na haki.

Glibc angalau ilikuwa na utaratibu. Upande wa lugha ya C++ mambo yalikuwa mabaya zaidi. Septemba 2000 Red Hat 7.0 ilitoka na kompaila iliyoitwa GCC 2.96, toleo ambalo mradi wa GCC wenyewe haukuwahi kulitoa, na programu za C++ zilizokompailiwa kwayo hazikuelewana na maktaba za distro nyingine. Jitihada za kuzipatanisha distro zilikuwapo: Linux Standard Base, yaani msingi wa pamoja wa Linux, ilitoa toleo lake la kwanza Juni 2001, ikaorodhesha maktaba ambazo kila distro ingepaswa kuwa nazo. Wazo lilikuwa jema, hata likakubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Lakini maktaba zilibadilika haraka kuliko karatasi, na mwaka 2015 Debian iliacha kuufuata.

Waliokuwa na haraka hawakungoja karatasi. Kampuni ya Loki Software, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ilileta kwenye Linux michezo ya kompyuta iliyokuwa ya Windows, wa kwanza ukiwa Civilization: Call to Power mwaka 1999. Kampuni hiyo ilifungwa Januari 2002, na CD zake zikabaki kuwa ushahidi: anayetaka kuicheza michezo ile leo hulazimika kukusanya maktaba za enzi hizo. Hata hivyo Loki iliacha urithi. Mtaalamu wake mkuu, Sam Lantinga, ndiye mwandishi wa maktaba ya SDL, ambayo michezo mingi hadi leo huitumia kwa picha, sauti na vitufe. Mwenzake wa Loki, Ryan C. Gordon, baadaye aliiongezea SDL kitu ambacho nakiona kuwa cha busara kuliko vyote nilivyokutana navyo katika utafiti huu. Hata kama mchezo umeimeza SDL ndani yake kabisa, mtumiaji anaweza kuuambia, kwa kutaja jina la faili, utumie SDL nyingine mpya zaidi. Mchezo unabeba sufuria yake, lakini mwenye nyumba anaruhusiwa kuibadilisha iliyotoboka.

Sufuria zilizotoboka zilianza kuhesabiwa hadharani Machi 2002. Wataalamu wa Red Hat walikuwa wakichunguza picha moja ya PNG iliyokuwa ikiziangusha programu, wakagundua kwamba kosa halikuwa la programu hizo bali la zlib. Ikipewa data iliyoharibiwa kwa namna fulani, zlib ilijaribu kuachia kipande kilekile cha kumbukumbu mara mbili, na kosa la namna hiyo linaweza kumpa mvamizi nafasi ya kuendesha amri zake. Zlib 1.1.4 yenye marekebisho ilitolewa tarehe 11 Machi. Kwa programu zilizoazima zlib ya mfumo, tiba ilikuwa nyepesi: badilisha faili moja, anzisha upya programu, basi. Lakini zlib ilikuwa ndogo, nzuri na ya leseni isiyombana mtu, na kwa miaka saba watu walikuwa wameinakili kila mahali. Programu ya rsync, inayotumiwa kuhamisha mafaili kati ya seva, ilikuwa na nakala yake, tena nakala iliyobadilishwa ili ifanye jambo ambalo zlib halisi haifanyi, hivyo haikuwezekana kuitupa tu na kuazima ya mfumo. Kiini cha Linux chenyewe kilikuwa na nakala. Red Hat ililazimika kutoa upya zlib pamoja na orodha ya vifurushi vingine vilivyobeba nakala hizo, kiini na rsync vikiwemo. Mwaka 2005 ikapatikana kasoro nyingine katika zlib hiyohiyo, na msako ukaanza tena.

Kutokana na msiba huo inaeleweka kwa nini wenye distro walikuwa wakali. Sera ya Debian inawataka watunza vifurushi wasitumie nakala za maktaba zilizofungashwa ndani ya programu ikiwa maktaba hiyo imo tayari kwenye distro, na timu yake ya usalama hutunza orodha ya hadharani ya nakala zinazojulikana na mahali zilipojificha. Fedora ilikuwa na katazo kali zaidi. Kulikuwa pia na sababu ya uchumi ambayo wasomaji wa kwetu wataielewa upesi. Kati ya mwaka 2005 na 2011 Ubuntu ilikuwa ikituma CD za bure kwa posta popote duniani, Afrika ikiwemo, na CD moja haizidi kiasi cha megabaiti 700. Kwenye sahani hiyo moja iliwezekana kupata mfumo mzima, kivinjari na programu za ofisi kwa sababu zote zilikula chungu kimoja. Laiti kila programu ingebeba vyombo vyake, CD isingetosha.

Na bado, upande wa pili ulikuwa na haki zake hata katika eneo letu. Desemba 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizindua Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. OpenOffice ilikuwa msafiri mwenye mizigo mingi. Ilibeba zlib yake, maktaba yake ya picha za JPEG, hata Python yake. Debian na wenzake walijitahidi kuichambua na kuiunganisha na maktaba za mfumo. Lakini mtu akifikiria kundi dogo la watafsiri, lenye maneno ya Kiswahili ya kutafuta na pesa kidogo, ataona faida ya mizigo ile: programu inayojitosheleza haimlazimu mtafsiri ajue kwanza mtumiaji wake ana distro ipi. Nimewasikia wenzangu wa sayansi ya kompyuta wakiwacheka wanaofungasha kuwa ni wavivu. Sidhani kama wamewahi kujaribu kumpelekea programu mtu aliye mbali nao.

Katika muongo uliofuata ngome za wenye distro zilianza kulegea. Mwaka 2009 Tom Callaway wa Red Hat alieleza kwa nini kivinjari cha Chromium hakikuweza kuingia Fedora: kilikuwa kimefungasha rundo la maktaba za watu wengine, baadhi zikiwa zimebadilishwa. Fedora ililegeza katazo lake mwaka 2015, kwa sharti kwamba kila nakala iliyofungashwa iandikwe wazi kwenye kifurushi ili ipatikane siku ya kasoro, na Chromium ikaingia mwaka 2016. Katikati ya miaka hiyo, Agosti 2014, Torvalds alihudhuria mkutano wa Debian mjini Portland, Marekani. Alikuwa ameandika programu ya wapiga mbizi iitwayo Subsurface, na sasa alikuwa upande wa wanaoumia. Alilalamika mbele ya wenye distro kwamba yeye na wenzake huitengenezea Windows na Mac programu iliyo tayari kutumika, lakini Linux hawaitengenezei, maana kuna distro nyingi mno na kila moja ina maktaba zake. Baba wa Linux alikuwa ameshindwa kuipeleka programu yake kwa watoto wake mwenyewe.

Kampuni iliyokuwa na pesa za kulijaribu jambo hili kwa ukubwa ni Valve ya Marekani, yenye duka la michezo liitwalo Steam. Steam ilifunguliwa rasmi kwa watumiaji wa Linux tarehe 14 Februari 2013, na Lantinga wa SDL alikuwa ameajiriwa huko. Valve ilichukua maktaba za Ubuntu 12.04, ikazifunga kuwa fungu moja, na kila mchezo uliambiwa utazame kwanza ndani ya fungu hilo kabla ya kutazama mfumo wa mtumiaji. Mwandishi wa mchezo sasa alikuwa na anwani moja ya kuandikia. Kwa muda mambo yalikwenda.

Kisha distro zikasonga mbele na fungu likabaki mwaka 2012. Mchezo unaweza kubeba karibu kila kitu, lakini hauwezi kubeba kiendeshi cha kadi ya michoro, kwa kuwa kiendeshi lazima kilingane na kadi iliyomo ndani ya kompyuta ile na kiini kinachoiendesha. Kiendeshi hutoka kwa mwenyeji. Viendeshi huria vya kadi za AMD, vilivyomo katika mradi wa Mesa, vilitegemea LLVM, iliyoandikwa kwa C++, hivyo vilihitaji maktaba ya libstdc++ iliyo mpya kama vyenyewe. Ila ndani ya programu moja inayoendeshwa, jina moja la maktaba hupakiwa mara moja tu. Mchezo ulikuwa umekwisha kupakia libstdc++ ya kale ya Steam. Kiendeshi kilipofika na kudai lebo mpya, kiliambiwa libstdc++ ipo tayari, kikatazama, hakikuona lebo zake, kikakataa kufanya kazi. Watumiaji walipeana dawa ya kienyeji: ingia kwenye folda ya Steam, ifute libstdc++ yao. Dawa ilifanya kazi mpaka Steam ijisasishe na kulirudisha faili. Huyu mgeni aliyebeba sufuria yake alikuwa amefika na kuiweka juu ya jiko la mwenyeji, na mwenyeji hakuweza tena kupika.

Valve baadaye iliifundisha Steam kulinganisha nakala mbili na kuchukua iliyo mpya zaidi, iwe yake au ya mwenyeji. Hatimaye ilijenga kontena, yaani uzio ambamo mchezo huona mfumo mwingine kabisa, mara hii wa Debian 10 na baadaye Debian 11, huku viendeshi vya michoro vikiingizwa kutoka nje. Ukisoma maelezo ya kontena hizo utakuta jambo la kuchekesha kidogo. Viendeshi vilivyoingizwa vinahitaji glibc ya kwao, kwa hiyo glibc ya mwenyeji ikiwa mpya kuliko ya kontena, nayo huingizwa. Baada ya kazi yote hiyo, mlangoni bado amesimama yuleyule aliyesimama mwaka 1997.

Wengine walichora mpaka huo kwa njia zao. Alexander Larsson wa Red Hat alianzisha xdg-app, iliyopewa jina la Flatpak mwaka 2016. Huko programu huegemea mfumo wa msingi unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, na hufungasha tu kile kisichokuwemo. Canonical, kampuni ya Ubuntu, ilileta Snap. Simon Peter, aliyeanza na mradi wa klik mwaka 2004, alifikia AppImage, ambayo ni faili moja tu unalolibofya bila kusakinisha chochote. AppImage ina orodha ya maktaba zisizopaswa kufungashwa, glibc na ile ya michoro zikiwa miongoni, na huwashauri waandishi wakompaili kwenye distro ya zamani kadiri inavyowezekana ili lebo zinazodaiwa ziwe za kale. Wanaotumia Python walifanya vivyo hivyo: kanuni yao ya manylinux1 ya mwaka 2016 ilitaka vifurushi vikompailiwe kwenye CentOS 5, mfumo wa mwaka 2007, na maktaba nyingine zifungashwe ndani. Kwa anayenunua kifurushi cha intaneti cha siku, suluhu hizi si sawa. Flatpak ya kwanza hukuletea mfumo mzima wa msingi, na mwenye kadi ya Nvidia hupakua upya kiendeshi cha ndani ya Flatpak kila kiendeshi cha nje kinapobadilika. Wahandisi wanaopanga haya wana nyaya za kasi maofisini mwao, na sijaona mjadala wao mmoja ulioanza kwa kuuliza bei ya gigabaiti moja Bujumbura au Goma.

Deni la usalama nalo lilikuja kudaiwa tena. Septemba 2023 ilipatikana kasoro katika libwebp, maktaba ya kufungulia picha za aina ya WebP, baada ya taarifa ya Apple na Citizen Lab ya Toronto. Picha moja iliyotengenezwa kwa hila ilitosha kumfungulia mvamizi mlango. Distro zilirekebisha libwebp yao kama zlib ya 2002, na programu zote zilizoiazima zikapona. Lakini sasa kulikuwa na programu nyingi zilizojengwa kwa Electron, na kila moja hubeba ndani yake Chromium nzima pamoja na libwebp yake. Kila moja ilibidi imngoje mwandishi wake, na programu ambayo mwandishi wake amechoka au amehamia kazi nyingine haikuwa na wa kumngoja.

Mtu angeweza kuhitimisha hapo kwamba Debian ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Machi 2024 ilitoa jibu gumu. Andres Freund aligundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, mradi wenye maktaba ya kubana data iitwayo liblzma, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri unaolenga seva za SSH. Maktaba hiyo ilifika ndani ya SSH kwa sababu baadhi ya distro ziliiongezea SSH kiungo cha systemd, nacho kikaivuta liblzma. Mlango ule ulitegemea chungu cha pamoja. Ulikuwa umekwisha kuingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, na aliyekuwa amefungasha liblzma ya miaka mitatu nyuma hakuguswa.

Tukirudi chuoni, kazi yetu iliokolewa na AppImage. Mwenzetu mwingine alipata programu kama ile kwa umbo hilo, akaipakua usiku, wakati vifurushi vya intaneti ni nafuu, akaileta kwenye flashi. Ilifunguka kwenye kompyuta zote za chumba kile, na masimulizi ya wazee tuliyakusanya kwa wakati. Nilipoanza kuandika insha hii nililifumua faili lile kwa amri yake ya --appimage-extract ili nione limebeba nini. Kulikuwa na zlib, maktaba za sauti, na libwebp. Glibc haikuwemo. Tarehe za mafaili zilikuwa za mwaka 2021, miaka miwili kabla ya marekebisho ya libwebp, na programu ile bado imo kwenye kompyuta zote za chumba, kwa sababu ni sisi tulioiweka na hakuna aliyepewa kazi ya kuitazama.